Tundu la hereni linapouma: kutafuta chanzo na kulitibu

Mtu anapoingia zahanati akiwa amelishika sikio lililotogwa, swali langu la kwanza huwa si linauma kiasi gani, bali ni limetogwa sehemu gani. Sikio la nje lina sehemu mbili ambazo kwa macho ni kitu kimoja lakini kwa matibabu hazifanani hata kidogo. Kuna ndewe, yaani ile nyama laini ya chini ambayo mama zetu walituwekea hereni tukiwa wadogo, na kuna sehemu yote iliyobaki juu yake, ambayo ukiiminya unahisi ugumu unaopindika kwa kuwa ndani yake mna gegedu. Ndewe ina damu ya kutosha, na vijidudu vikiingia humo mara nyingi hushindwa kwa usafi na dawa ya kupaka. Gegedu halina mishipa yake ya damu, na likivamiwa, sikio linaweza kupoteza umbo lake lisilirudie tena. Kila dalili nitakayoieleza hapa isomwe pamoja na swali hilo la mahali.

Swali la pili ni la siku. Tundu la ndewe huchukua kati ya wiki 6 na 8 kupona, na tundu la gegedu huweza kuchukua miezi 4 hadi mwaka mzima. Katika muda wote huo tundu ni kidonda, hata kama kwa nje linaonekana limekauka. Wengi wanaokuja kwangu wakishangaa kwamba sikio "lililopona" limeanza kutoa usaha katika wiki ya tatu walikuwa wameacha kulisafisha katika wiki ya pili.

Uvimbe kidogo na majimaji katika siku za mwanzo

Sikio lililotogwa jana linauma likiguswa, limevimba kidogo, na linatoa majimaji meupe au yenye rangi hafifu ya manjano ambayo yakikauka huacha kigaga kuzunguka hereni. Hali hiyo si ugonjwa. Ni mwili unaotengeneza ngozi mpya ndani ya tundu, na kinachotakiwa ni kuuacha ufanye kazi yake. Dalili hizi hupungua siku hadi siku, na hapo ndipo penye kipimo: sikio ambalo leo ni afadhali kuliko jana halihitaji dawa, bali sikio lililokuwa limetulia siku ya tatu kisha likaanza upya kuuma siku ya tano linahitaji kuangaliwa.

Nitoe tahadhari moja kuhusu rangi, kwa sababu maelezo mengi yanayosambaa yanamwambia msomaji atafute wekundu. Kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi. Sikio lenye vijidudu huwa jeusi zaidi au la zambarau, na ngozi yake hung'aa kama iliyopakwa mafuta kwa sababu imevutwa na uvimbe. Badala ya kutegemea macho peke yake, gusa sikio hilo kwa mgongo wa vidole, kisha gusa la upande wa pili. Tofauti ya joto utaihisi mara moja, na kwa mtoto mdogo asiyeweza kueleza maumivu, hiyo ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote.

Ndewe ina joto, inauma zaidi kila siku na inatoa usaha mzito

Hapa vijidudu vimeingia. Usaha wa kweli ni mzito, una rangi ya manjano iliyokolea au ya kijani, na wakati mwingine unanuka. Ndewe huvimba, na maumivu huweza kumzuia mtu kulalia upande huo. Vijidudu vinavyohusika mara nyingi ni Staphylococcus aureus, ambavyo huishi juu ya ngozi na ndani ya pua za watu wenye afya kabisa bila kuwasumbua, na ambavyo husubiri mlango tu.

Mlango huo katika mji wetu wa Mwanza hufunguliwa kwa namna ambazo nimejifunza kuziuliza moja moja. Kwanza ni mikono. Mtu anayepanga dagaa au kupasua sangara pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba tangu alfajiri huwa na mikono iliyobeba kila kitu, na tundu jipya linawasha, kwa hiyo huligusa bila kufikiri. Pili ni nywele: anayesuka siku chache baada ya kutogwa huacha mafuta, jeli na vipande vya rasta vikizunguka hereni, na dawa ya kulainisha nywele ikimwagikia kidonda hukichoma. Tatu ni mtandio, kofia ngumu ya bodaboda na simu, ambavyo husugua au kuvuta hereni na kukichana upya kidonda kilichokuwa kinafunga. Nne ni hereni iliyobanwa mno. Kizibo cha nyuma kikikandamiza ndewe, hewa haipiti, majimaji hayatoki, na damu haifiki vizuri; ninakihesabu miongoni mwa vyanzo vikubwa, hasa kwa watoto waliotobolewa kwa ile mashine inayofanana na bastola, ambayo hereni zake ni fupi na haziachi nafasi ya uvimbe.

Kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya ni kuivua hereni mara tu anapoona usaha. Ninaelewa kwa nini, maana inaonekana ndiyo mwiba unaosababisha yote. Lakini hereni ndiyo inayoshikilia tundu likiwa wazi ili usaha upate pa kutokea. Ukiivua, ngozi ya juu inaweza kufunga ndani ya saa chache na kuufungia usaha ndani, na kilichokuwa kidonda kinachotiririka kikageuka jipu linalohitaji kupasuliwa. Iache mahali pake, ilegeze kizibo cha nyuma, na uivue tu ukiambiwa na mtaalamu aliyeliona sikio, au ikiwa tatizo ni mzio wa madini au hereni iliyozama, ambayo nitayafikia.

Kusafisha hufanywa hivi. Chemsha maji, hata kama ni ya bomba, kwa sababu maji yaliyokaa kwenye tangi juu ya paa au kwenye ndoo si yale yaliyotoka kwenye mtambo. Yakiwa vuguvugu, jaza kikombe cha robo lita na uyeyushe ndani yake robo kijiko cha chai cha chumvi safi ya mezani. Usizidishe ukidhani chumvi nyingi inaua zaidi, kwani maji yenye chumvi kali hukausha kidonda na kukichelewesha. Anayeweza kununua chupa ya maji ya chumvi ya dripu kwenye duka la dawa apate ile yenye asilimia 0.9, na akishaifungua asiitunze kwa siku nyingi. Nawa mikono kwa sabuni, lowesha shashi safi, na uikandamize taratibu mbele na nyuma ya ndewe kwa dakika 5 hadi 10 mpaka vigaga vilainike na kutoka vyenyewe. Kausha kwa tishu, si kwa taulo la familia, na usitumie pamba inayoacha nyuzi. Fanya hivyo mara 2 au 3 kwa siku. Usizungushe hereni ikiwa na vigaga vikavu. Ule ushauri wa zamani wa kuizungusha kila asubuhi ili "isigande" huchana ngozi changa iliyojengeka usiku.

Baada ya kusafisha, krimu ya antibayotiki kama ya mupirosini au ya asidi ya fusidi, ikipakwa nyembamba kwa utaratibu ulioelezwa na mtoa dawa, hutosha kwa ndewe iliyoshambuliwa kidogo. Baada ya saa 48 unapaswa kuona nafuu ya wazi. Usipoiona, au uvimbe ukiongezeka kabla ya hapo, nenda ukaonwe, kwa maana huenda unahitaji dawa ya kumeza au kuna jipu ndani.

Kuna vitu ambavyo nimeviondoa masikioni mwa watu kwa miaka mingi na ambavyo ningependa nisivione tena. Unga wa kapsuli za rangi mbili ukimwagwa juu ya tundu hushikamana na usaha na kuwa ukoko unaoziba, na dawa haiingii kwenye nyama kwa kiasi kinachotibu. Dawa ya meno huchoma. Majivu na mafuta ya kupikia huingiza uchafu. Jivii, ile dawa ya maji ya kupaka vidonda, hupaka sikio lote zambarau, na mimi nikifika siwezi tena kuona kama ngozi imebadilika rangi. Spiriti na hidrojeni peroksaidi, ambazo watu huziona ni za kitaalamu kwa sababu zinawasha na kutoa povu, huua pia chembe mpya zinazojenga ngozi. Zikitumiwa kila siku kidonda hakifungi.

Sehemu ya juu ya sikio imevimba, lakini ndewe iko sawa

Kama ungesoma kifungu kimoja tu, ningependa kiwe hiki. Mtindo wa kutoga juu, kwenye ukingo wa sikio, umeenea sana kwa vijana wa vyuoni na hata kwa wavulana, na wanaofanya kazi hiyo mara nyingi hutumia mashine ileile ya ndewe, ambayo hupasua gegedu kwa nguvu badala ya kulitoboa.

Vijidudu vikiingia hapo, sikio huvimba, huwa la moto, na maumivu yake ni makali kuliko ukubwa wa kidonda unavyoonyesha. Kulikunja kidogo tu kunamfanya mtu mzima atoe machozi. Alama inayotofautisha ugonjwa huu ni kwamba uvimbe huishia pale gegedu linapoishia, kwa hiyo ndewe hubaki laini na ya kawaida chini ya sikio lililovimba. Gegedu hupata chakula chake kutoka kwenye utando mwembamba ulioligandia. Usaha ukijikusanya kati ya utando huo na gegedu, huvitenganisha, na gegedu hufa kwa njaa. Sikio lililopoteza gegedu hujikunja na kusinyaa, na kulitengeneza upya ni upasuaji mgumu usiorudisha umbo la awali.

Sababu ya pili ya kuharakisha matibabu ni aina ya kijidudu. Kwenye gegedu kinachopatikana sana ni Pseudomonas aeruginosa, kinachopenda unyevu: huishi katika maji, kwenye mabomba, na hata ndani ya chupa ya dawa ya kusafishia iliyochanganywa vibaya na kujazwa tena na tena. Mwaka 2000 katika jimbo la Oregon, Marekani, chupa ya namna hiyo kwenye kibanda cha kutoga masikio iliambukiza watu ambao 7 kati yao walithibitishwa kwa vipimo, wote wa umri wa miaka 10 hadi 19. Wanne walilazwa hospitali, na baadhi yao masikio yao yaliharibika. Wengi wao walikuwa wamepewa mwanzoni dawa zisizokiweza kijidudu hicho.

Ninalisimulia tukio hilo kwa sababu ndilo linalotokea hapa kimyakimya. Kijana mwenye sikio lililovimba juu hununua amoksilini dukani, anaimeza siku 5, anaona haisaidii, ananunua nyingine, na gegedu linaendelea kufa. Pseudomonas hakisikii amoksilini hata kidogo. Dawa inayotumiwa sana ni siprofloksasini, lakini haifai kwa kila mtu, hasa wajawazito na watoto, na daktari ndiye wa kuamua dawa, kipimo cha dozi na kama usaha unahitaji kutolewa kwa upasuaji mdogo. Usijaribu maji ya chumvi kwa siku 2 kwanza kama ilivyo kwa ndewe. Nenda siku hiyohiyo kwenye kituo cha afya, na uombe rufaa ya daktari wa masikio, pua na koo ikiwa sikio limepoteza mikunjo yake au unahisi kitu laini kinachobonyea chini ya ngozi. Aliye kisiwani Ukerewe asisubiri hadi atakapokuwa na safari nyingine ya Mwanza mjini. Aanzie hospitali ya Nansio.

Kwa sababu hiyohiyo ya maji, tundu ambalo halijapona lisiingie ziwani. Najua kuwaambia watoto wa mwambao wasiogelee ni kazi, lakini maji ya ufukweni, mahali watu wanapofua, kuoga na kuoshea vyombo vya samaki, si maji ya kidonda. Kichocho peke yake kingetosha kuwa sababu.

Sikio linawasha kuliko linavyouma

Maumivu huelekeza kwenye vijidudu. Muwasho huelekeza kwenye mzio. Hereni nyingi za bei nafuu, hata zile zenye rangi nzuri ya dhahabu ya kuchovya, ndani yake zina nikeli, madini yanayoongoza kwa kusababisha mzio wa ngozi. Ngozi inayozunguka tundu hukauka, hupata vipele vidogo, hutoa majimaji mepesi yasiyo usaha, na hali hiyo huwa masikio yote mawili. Mara nyingi mtu huyo huyo, ukimuuliza, atakumbuka kwamba kifungo cha suruali ya jinzi humwasha chini ya kitovu, au saa ya mkononi humwachia alama. Yaweza kuanza hata miaka kadhaa baada ya kutogwa, pale anapobadilisha hereni.

Dawa ya mzio ni kuondoa hereni hiyo. Krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1 kwa siku chache hutuliza, ilimradi umehakikisha hakuna usaha, kwa kuwa ikipakwa juu ya vijidudu huwapa nafasi ya kukua. Hereni za titani au dhahabu halisi isiyopungua karati 14 huwafaa wengi. Njiti za fagio la chelewa ambazo mabinti huweka ili tundu lisizibe hazina nikeli, ni kweli, lakini zina vumbi na nyuzi zinazobaki ndani, na fagio lenyewe limefagia uani.

Hereni imezama, au kizibo hakionekani

Uvimbe ukizidi urefu wa hereni, ngozi hukua juu ya kizibo cha nyuma na kukimeza, na huonekana kama punje ngumu ndani ya ndewe. Usikichokoe kwa pini wala wembe, na usimshikilie mtoto kwa nguvu kujaribu kukisukuma. Kwenye zahanati hutolewa kwa ganzi na mkato mdogo sana, kazi ya dakika chache.

Kinundu pembeni ya tundu

Kinundu chekundu, laini, kinachotoa damu kikiguswa na kilichotokea ndani ya wiki chache, kwa kawaida ni nyama iliyoota kwa sababu tundu linasuguliwa. Ukiondoa msuguano na kuendelea na maji ya chumvi, mara nyingi hunywea. Kinundu kigumu, kinachong'aa, kinachowasha na kukua polepole kwa miezi hata kupita mipaka ya kidonda, ni keloidi. Hicho si ugonjwa wa vijidudu, na antibayotiki hazikigusi. Watu wenye ngozi nyeusi hukipata zaidi, na huenda kwa ukoo. Kukikata peke yake huweza kukirudisha kikiwa kikubwa kuliko mwanzo, ndiyo maana madaktari huanza na sindano za steroidi ndani ya kinundu, au huzichanganya na upasuaji. Aende mapema, kikiwa saizi ya punje ya mchele.

Usaha unatoka ndani ya tundu la kusikia, au kuna harufu bila maumivu

Haya mawili huletwa kwangu kama ugonjwa wa hereni, nayo sivyo. Usaha unaotoka ndani kabisa, pamoja na kusikia kupungua, ni ugonjwa wa sikio la kati au njia ya sikio na unatibiwa kivingine. Harufu kwenye tundu la zamani lisilouma ni mafuta ya ngozi na ngozi iliyokufa. Osha hereni na ndewe kwa sabuni na maji.

Dalili zinazokutoa nyumbani usiku huohuo

Homa ya nyuzi 38 au zaidi, uvimbe unaosambaa kuelekea shavuni au shingoni, tezi zilizovimba nyuma ya sikio pamoja na maumivu makali, na mtoto anayekataa kunyonya au kula, ni ishara kwamba vijidudu vimetoka sikioni. Wenye kisukari, wanaoishi na VVU, na wenye siko seli, ambayo Kanda ya Ziwa tunaiona sana, wasingoje zile saa 48 hata kwa ndewe. Taya linalokaza na shingo inayokakamaa siku kadhaa baada ya kutogwa ni pepopunda mpaka itakapothibitishwa vinginevyo, na hapo ni hospitali moja kwa moja.

Aliyetogwa kwa sindano iliyotumika kwa mwingine ana jambo la kufanya hata kama sikio haliumi. Dawa za kuzuia VVU baada ya tukio hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo bora. Kituo cha afya kitashauri pia kuhusu chanjo ya homa ya ini aina ya B na sindano ya pepopunda. Wazazi wanaotoga mabinti kadhaa siku moja kwa sindano na uzi mmoja wanapaswa kulifahamu hili, hata kama mabinti hao ni dada.

Tundu lililolazimika kuachwa lizibe linaweza kutogwa tena, lakini subiri angalau miezi 3 baada ya kupona kabisa, na litogwe pembeni ya kovu, si juu yake. Aliyewahi kupata keloidi, au ambaye mama yake anayo, nitamshauri asitoge tena kabisa. Zipo hereni za kubana zisizohitaji tundu, na zinauzwa kwenye maduka yaleyale.